Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Boti Yetu ya Faiba na Ubao wa Tezi Uliooza

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama wachuuzi wa samaki, na vijana mnaoshinda majini,

Asanteni kwa kufika, hasa ninyi mliovuka kutoka upande wa Iringa. Mambo ya kawaida nitayapitia haraka, maana najua wengi mmekuja kusikia habari ya boti.

Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, na hesabu yenyewe mtasomewa na mweka hazina. Doria tumeendelea nazo pamoja na BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi ufukoni, na ofisi ya uvuvi. Makokoro, zile nyavu za kukokota, yamepungua upande wetu, hayajaisha. Kuhusu kina cha maji hatuna la kuamua. Mtera ni bwawa la umeme: likijaa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Kati ya hapo na hapo ufuko unahama, nasi tunahama nao. Ndiyo maana boti yetu hulala muda mrefu juu ya mchanga, omo, yaani mbele, juu na tezi, yaani nyuma, chini, na kila mvua inayonyesha inaishia nyuma. Hapo ndipo ilipoanzia shida ninayotaka tuijadili leo.

Nahodha aliieleza kamati kwamba akiongeza moto, mashine inacheza kwa nyuma. Tulikwenda kuitazama pamoja na fundi. Tuliushika mguu wa mashine tukaunyanyua, ubao wa tezi ukacheza nao, na maji meusi yakachuruzika kwenye matundu ya boliti. Fundi akagonga kwa nyundo: pembe za juu zilitoa mlio mkali, katikati na chini mlio ukawa mzito, umekufa. Mwisho akatoboa matundu madogo kwa drili upande wa ndani. Unga uliotoka juu ulikuwa mkavu na mweupe. Wa chini ulikuwa wa kahawia, umelowa, na ulitoa harufu ya uyoga.

Wapo walioshangaa kwamba faiba inaoza. Faiba haiozi. Ubao wa tezi una ngozi mbili za faiba, ya nje na ya ndani, na katikati kuna plaiwudi ndiyo inayobeba mashine. Ukungu unaoozesha mbao unataka maji na hewa, na chakula chake ni mbao zenyewe. Humo ndani umepata vyote. Maji ya chumvi huuchelewesha, ila ya kwetu ni baridi, na ya mvua pia. Maji yalipenya kwenye matundu ya boliti za mashine, kwenye skrubu za vishikizo vya kamba, na zaidi ya yote kwenye tundu la kizibo cha kutolea maji, ambako plaiwudi iliachwa wazi bila kupakwa chochote.

Ushauri umekuwa mwingi, na nimeusikiliza wote. Mmoja alitaka tubane ubao kwa vipande vya chuma nje na ndani. Hiyo ni kubana kitu kinachoendelea kuoza. Boliti zitazama na mchezo utarudi. Mwingine alishauri tumimine gundi kwenye matundu. Mbao iliyolowa hainywi gundi, kwa hiyo itakauka pembeni tu mwa matundu. Zege nimelikataa kwa sababu ya uzito, na pia haliungani na faiba. Wazo la mbao ya mninga lilinivutia, maana mninga ni mgumu kuoza. Lakini ubao mzima hupanuka na kusinyaa kwa upana na mwishowe hujibandua. Plaiwudi imepishanishwa nyuzi zake, hivyo inatulia ndani ya faiba.

Basi, tutengeneze au tuachane nayo? Mimi nasema ubao wa tezi peke yake si sababu ya kutupa boti. Sababu ingekuwa mataruma, yaani zile mbao za ndani zinazoimarisha tumbo la boti. Kama yangekuwa yameoza hadi katikati, fedha za ukarabati zingetosha kuanza safari ya kununua nyingine, na ningewaambia hivyo. Tuliifungua sakafu ya nyuma kuyaangalia: ncha zinazogusa tezi zimelowa kiasi cha urefu wa mkono, kuanzia hapo kwenda mbele ni makavu. Tumbo la boti halibonyei popote. Kamati imeona tutengeneze.

Wajumbe wachache walitaka tuiuze, tununue ya mbao ambayo fundi yeyote wa hapa anaimudu. Hoja yao ina uzito. Ila mnunuzi naye ana nyundo.

Kazi yenyewe ifanyike kwa ndani. Ngozi ya nje ibaki nzima, kwa sababu ndiyo inayotunza umbo na mlalo wa mashine. Ya ndani ikatwe, ukingo ubaki pande zote ili faiba mpya ipate pa kushikia. Mbao zote zitolewe, hata zile zinazoonekana nzima ikiwa zina unyevu, kisha paachwe pakauke. Hapa Dodoma tumebarikiwa: Mei hadi Novemba mvua ni nadra na upepo unafanya kazi bure. Vipande viwili vya plaiwudi vya milimita 18 vikigundishwa vinatoa 36, unene unaotosha.

Msikubali kuuziwa kiholela zile marini bodi, plaiwudi nyeusi za kumwagia zege, zilizojaa mjini kwa sababu ya ujenzi. Ule weusi umewekwa ili zege lisishike, na gundi nayo haitashika. Tukikosa nyingine, weusi wote usagwe hadi mbao ionekane, na ubora wa gundi ya ndani uulizwe kwanza.

Kwa gundi, kamati imechagua epoksi ingawa poliesta ni rahisi bei, kwa kuwa epoksi hushika vizuri zaidi kwenye faiba ya zamani. Ichanganywe kidogo kidogo asubuhi. Jua la saa saba huigandisha ndooni. Na kila tundu la boliti litobolewe kubwa kuliko linavyotakiwa, lijazwe epoksi, ndipo litobolewe tena kwa kipimo chake. Hii ndiyo hatua ambayo fundi mwenye haraka huiruka, kwa hiyo sitasaini malipo kabla sijaiona.

Kuhusu fundi, wapo vijana mjini wanaotengeneza bampa na matangi ya faiba, na ni hodari. Bampa halisukumwi na mashine ya nguvu farasi 15, yenye kilo kama 36 kabla hata haijawashwa. Napendekeza fundi wa boti kutoka Mwanza, na vijana wetu wawili wafanye naye kazi mwanzo hadi mwisho, ili safari nyingine tusilipe nauli.

Hadi kazi iishe, mashine haitafungwa kwenye boti hiyo kwa dharura yoyote ile. Ikizama mashine, tumepoteza mali yenye thamani kuliko boti.

Naomba mkutano upige kura kuhusu mambo mawili: ukarabati wenyewe, na fundi. Mkiafiki, boti itavutwa kivulini wiki hii, omo chini safari hii, na kizibo kitatolewa. Baada ya kura namkaribisha mweka hazina.