Majani yale ni ya mwarobaini, si ya uchawi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe makala ya wiki iliyopita kuhusu sikukuu ya kila mwaka ya hekalu la Wahindu katika kijiji kimoja cha Tamil Nadu, kusini mwa India. Mwandishi alidai kwamba wanawake waliokuwa kwenye maandamano walibeba majani ya uchawi. Majani yale ni ya mwarobaini, mti uleule uliojaa kwenye nyua zetu hapa Dodoma, ambao asili yake ni hukohuko Bara Hindi.

Nasema hivyo kwa kuwa mwaka juzi nilimsindikiza kaka yangu kwenda kutibiwa Chennai, na muuguzi mmoja akanialika kijijini kwao katika mwezi wanaouita Aadi, unaoanza katikati ya Julai na kuishia katikati ya Agosti. Sikukuu ile ni ya Mariamman, mungu wa kike ambaye wanakijiji humwita Mama, na ambaye tangu zamani huombwa mvua pamoja na kinga dhidi ya maradhi ya msimu wa joto, hasa ndui. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, lakini mwarobaini, ambao wagonjwa walikuwa wakitandikiwa majani yake walalie, umebaki langoni mwa hekalu na mikononi mwa akina mama.

Ngoma zilikuwapo, na gari la mbao la kuvutwa kwa kamba pia, ila mimi nilivutwa zaidi na masufuria. Pembeni mwa hekalu ulipikwa uji wa ulezi uliochachushwa, ukachanganywa na mtindi na vitunguu vidogo vilivyokatwakatwa, kisha ukagawiwa kwa kila aliyefika bila kuulizwa ametoka wapi wala anasali wapi. Nilipewa wangu kwenye bakuli la chuma, na pilipili ya kutafunia kando ambayo nilijuta kuionja. Uji wenyewe bibi yangu wa Mvumi angeunywa na kuomba wa pili.

Hapa Ugogo, ambako kwa wastani mvua ya mwaka haifiki milimita 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, watemi ndio waliobeba dhamana ya matambiko ya mvua. Sisemi kwamba imani ni moja, na mimi mwenyewe ni Mwanglikana. Nasema tu kwamba mzee wa Kigogo angeielewa sikukuu ile upesi kuliko mwandishi wako alivyoielewa.

Naomba marekebisho yachapwe mahali palepale ilipotoka makala. Aidha, mwandishi angeweza kuuliza kabla ya kuandika, kwani Wahindu tunaishi nao hapahapa mjini. Wengi wa Wahindu wa Tanzania wana asili ya Gujarat, na sikukuu zao kubwa ni Navaratri na Diwali, si hii ya Mariamman, lakini jina la mti ule wangemtajia bila kufikiri.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Dodoma