Mayatima 13 hawaokoti kete njiani

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa michezo ya mezani mmeueleza ule mkono adimu (mpangilio wa kete za kushindia) wa majongi ya Kijapani, kokushi muso, ambao wengine huuita mayatima kumi na watatu. Mmeandika kwamba mchezaji anaujenga kwa kuokota kete wanazotupa wenzake. Sivyo. Anayeanza akiwafuata ninyi atakesha mezani na hataupata.

Seti ina kete 136: aina 34, kila aina kete nne. Mkono huu unataka aina 13 tu, nazo ni moja na tisa za namba, za miduara na za mianzi, pepo nne, na majoka matatu: jeupe, la kijani na jekundu. Unashika moja ya kila aina, kisha yoyote kati yao ijirudie, jumla 14. (Pepo hizo mvuvi wa Mikindani ana majina yake: matlai, kusi, umande, kaskazi, na ndivyo zinavyofuatana mezani pia.) Kete ya mwenzako huokotwa ili kukamilisha mfuatano au kete tatu au nne za aina moja, na mkono huu hauna hata kimoja. Kwa hiyo unavuta mwenyewe ukutani, yaani kwenye safu za kete zilizofunikwa mezani, hadi mwisho. Ya mwenzako unayoruhusiwa kuichukua ni moja tu, ile ya kumalizia.

Ukishavuta mara ya kwanza, hesabu aina, usihesabu kete. Nane, achana nao. Zikiwa tisa, na hakuna aliyeokota kabla yako, sheria nyingi zinakuruhusu kulaza kete zako na mgao ukaanza upya. Sisi tungevunja, isipokuwa kwa aliyeachwa mbali kwa pointi. Kumi, nenda nao. Kumi na moja hazina mjadala.

Wengi hujikwaa kwenye furiteni, ambayo hamkuigusa kabisa. Maana yake ni kujifunga mwenyewe: ukiwa umewahi kutupa kete ya aina unayoisubiri, huwezi kushinda kwa kete ya mwenzako, hadi uivute mwenyewe. Tuseme una aina 11, mojawapo ni joka jekundu na unayo mawili, pamoja na tano ya mianzi. Umevuta aina ya 12. Tupa ile tano. Sasa unasubiri aina moja iliyobaki, ambayo ina kete nne tu. Mwenye tamaa hutupa joka la pili, akitaka asubiri aina zote 13 kwa pamoja, maana huko kete zinaweza kufika 39. Kwanza, bado hajafika. Pili, akifika, joka lake lipo chini mbele yake, na amejifunga kwa aina zote 13. Kusubiri aina 13 ni kuzuri kukija kwenyewe. Kukutafuta ni upuuzi.

Msitangaze riichi pia, yaani tangazo kwamba umebakiza kete moja tu kushinda. Mkono huu tayari umefika daraja la juu la malipo, riichi haiongezi hata pointi moja, na unaweka kijiti cha 1,000 mezani ili kuwaamsha wenzako. Kete zako za kutupa zinakusema vya kutosha: nne, tano na sita za namba, za miduara na za mianzi mapema, bila pepo hata moja. Mpinzani mwenye macho atazikalia pepo zake.

Kete zote nne za aina unayoikosa zikionekana chini, mkono umekufa; geukia kujilinda. Lakini mpinzani akifunua nne alizozivuta mwenyewe na ukawa unaisubiri aina hiyo, sheria nyingi zinakuruhusu kuipora moja papo hapo. Mikono mingine haina ruhusa hiyo kwa nne za siri.

Jedwali lenu la malipo nalo lina kasoro. Ni 32,000 kwa asiye mgawaji na 48,000 kwa mgawaji. Aliyetupa kete ya mwisho analipa zote peke yake. Asiye mgawaji akivuta mwenyewe, mgawaji hulipa 16,000 na wale wawili 8,000 kila mmoja. Mgawaji akivuta, kila mmoja hulipa 16,000. Kwa kawaida mchezo huanza na 25,000 kwa kila mtu, hivyo aliyetupa vibaya huwa ameshazama chini ya sifuri, na kwa sheria nyingi mchezo unaishia hapo.

Wachezaji wa majongi,
Shangani, Mtwara