Barua kwa mdogo wangu, kuhusu lile pambano uliloliita la usingizi

Mdogo wangu,

Lile neno lako bado ninalo tangu siku ile tulivyokaa pamoja. Nilikuwekea pambano la ngumi la Winky Wright na Felix Trinidad, ukaangalia raundi mbili na nusu hivi, ukachomoa simu yako ukasema "kaka, hawa wanapigana au wanapimana? Hili la usingizi" halafu ukanionyesha video ya sekunde 20 mtu anaangushwa chali, ukasema hiyo ndo ngumi. Sikukujibu pale kwa sababu watu walikuwa wengi na jibu lenyewe ni refu. Nimeamua kukuandikia hapa wazi maana wenye mawazo kama yako ni wengi, na wao wasome.

Nianze na pambano hilohilo. Tarehe 14 Mei 2005, Las Vegas. Trinidad, jamaa wa Puerto Rico, ameshinda 42 amepoteza 1 tu, na kwenye hizo 42, watu 35 hawakumaliza. Ile hooku yake ya kushoto, ngumi ya kuzungusha kutokea pembeni, ilikuwa inaogopwa kila uzito alioenda. Winky je? Winky alikuwa bondia ambaye miaka mingi wakubwa hawakutaka hata kusikia jina lake, akawa anazunguka kupigana Ufaransa, Ujerumani, Afrika Kusini, mashoto, yaani anasimama na mkono wa kulia mbele, hana ngumi ya kulaza mtu, hajazi ukumbi. Mtu wa hivyo ukipanda naye ulingoni huna faida, ukimshinda hakuna anayekusifu na akikushinda umeharibu jina. Mpaka 2004 alipompiga Shane Mosley mara mbili ndo wakaanza kumtaja taja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Glovu zote mbili zimeganda mashavuni, viwiko vimebana mbavu, kidevu kimezama, anasogea mbele polepole kama mtu anayesukuma kabati kwenye sakafu. Halafu jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele. Kwa vile ni mashoto jabu yake inatoka kulia, na sio jabu ya kugusagusa ile, ni jabu inayorudisha kichwa nyuma. Trinidad ili aipige ile hooku yake vizuri lazima kwanza akanyage na mguu wa mbele, uzito wa mwili uhamie pale, nyonga izunguke ndo mkono ufuate, na Winky hilo alikuwa amelisoma, kila ule mguu unapotaka kukanyaga jabu imeshafika usoni, kichwa kinarudi nyuma, uzito nao unarudi nyuma, hooku inafia begani. Na mara chache ilipotoka ikakutana na kiwiko au glovu. Raundi 12 nzima hivyohivyo! Ngumi za Trinidad zilizompata Winky pambano zima hazikufika 60. Majaji wawili waliandika 119-108 kwa Winky, wa tatu 120-107, yaani huyu wa tatu hakuona hata raundi moja ya kumpa Trinidad, na juu ya hapo refa alimkata Trinidad pointi moja kwa kupiga chini ya mkanda. Baada ya hapo Trinidad alistaafu, hakuonekana tena ulingoni mpaka 2008.

Nakuomba kitu kimoja. Lirudie, zima sauti, na Winky usimwangalie kabisa. Mwangalie Trinidad, huo mkono wake wa kushoto tu. Utauona unajiandaa, unasita, unashuka. Mi mara ya kwanza nililiangalia kama ulivyoliangalia wewe, macho yangu yalikuwa kwa anayepiga. Siku nilipohamisha macho kwa anayepigwa ndo nikaelewa kwamba pale kuna mtu ananyang'anywa silaha yake kidogo kidogo mbele ya ukumbi mzima, na yeye mwenyewe anajua.

Tangu siku hiyo ndo naangalia ngumi hivyo, namtafuta aliyenyang'anywa.

Mfano Larry Holmes, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, na Ray Mercer, Februari 1992, Atlantic City. Hili watu hawalitaji kabisa, inaniuma, maana Holmes kila mtu anamkumbuka kwa kuangushwa na Tyson 1988 au kwa kumpiga Ali aliyekwisha zeeka. Siku ya Mercer alikuwa na miaka 42, tumbo limekuja, miguu haipo tena. Mercer hajawahi kupoteza, ana medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, na miezi michache nyuma alikuwa amemmaliza Tommy Morrison kwa namna ambayo mpaka leo ukiangalia unasisimka. Holmes akafanya nini? Akaenda mwenyewe kwenye kona, akaegemea kamba, akamwita kwa mkono njoo, njoo! Kila mtu anajua kona ni mahali pa kukimbia, yeye akapageuza ofisi yake. Mgongo umeegemea hivyo hahitaji miguu, Mercer akirusha Holmes anavuta kichwa inchi mbili tatu, inapita, halafu anamrudishia ya kulia juu. Mercer alikuwa na nguvu zote za ujana na hakujua azipeleke wapi. Majaji wote watatu wakampa mzee.

Najua utasema kaka hizo zote ni za pointi za majaji, hakuna aliyelazwa. Haya, basi chukua ya Azumah Nelson na Jeff Fenech, ya pili. Ile ya kwanza, Juni 1991, Fenech alimsukuma Azumah kwenye kamba usiku kucha, majaji wakatoa sare, na wengi tu waliona Fenech kadhulumiwa, hata mi naona hivyo. Marudiano yakapangwa Machi 1992, uwanja wa wazi Melbourne, Australia, nchini kwao Fenech, na Azumah, Mghana, ana miaka 33, kila mtu anasema amekwisha. Fenech akaja na dawa ileile, kichwa chini, anaingia, anaingia. Ila safari hii Azumah kamba hazitaki, anakaa katikati, anampokea akiwa bado njiani. Mtu anayeingia kwa kasi nusu ya nguvu ya ngumi anakuletea mwenyewe, we unachotakiwa ni kuiweka tu mahali pake kwa wakati. Raundi ya 1 Fenech kashakaa chini! Raundi ya 8 refa akalisimamisha pambano, Azumah kashinda, na Fenech kabla ya siku hiyo hakuwa amepoteza hata pambano moja.

Tatizo la hizo video zako za sekunde 20 ni kwamba zinakuonyesha raundi ya 8 tu. Ukilikata pambano hilo utabaki na Fenech anayumba, utasema Azumah ana ngumi nzito, basi. Hutaona zile raundi za katikati ambapo Fenech anaingia anakutana na mkono, anaingia tena anakutana na mkono, mpaka unaona ameanza kufikiria kabla ya kuingia, na Fenech akianza kufikiria sio Fenech tena.

Moja sitakueleza. Bernard Hopkins na Kelly Pavlik, Oktoba 2008, Hopkins ana miaka 43, Pavlik 26 na hajawahi kupoteza. Mkono wa hatari wa Pavlik ni wa kulia. Liangalie peke yako, sauti umezima, simu umeweka mbali, halafu nipigie uniambie ni raundi ya ngapi uliona ameacha kuuamini huo mkono. Mi nina raundi yangu, nataka nisikie yako.

Kaka yako