Barua kwa mwanangu anayekaa na mbwa waoga

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, pamoja na picha ya yule mbwa mweusi wa huko KSPCA, chama cha kutunza wanyama unakosaidia, aliyejikunja pembeni, kaupa mlango kisogo. Bibi yako aliiona akashika kichwa. Anataka kujua kama ukitoka huko unaosha nguo mara saba, moja kwa udongo. Nikamkumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Akanyamaza. Sabuni nunua hata hivyo.

Umeuliza mbona anaogopa watu wakati hana hata kovu. Si lazima awe alipigwa. Mtoto wa mbwa huizoea dunia kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Muda huo akiumaliza uvunguni mwa kontena bila kushikwa na mtu, binadamu atabaki kuwa kitu cha kutisha. Nilipokuwa na mbwa wa ulinzi bandarini niliwaona wa aina hiyo: mbwa dume, meno hayo, anatetemeka akiona ufagio.

Usimkabili. Keti chini, mpe ubavu, msomee vitabu vyako vya chuo. Nyama mrushie nyuma yake, si mbele yako, ili kula kusiwe mtego wa kumsogeza kwako. Akija kunusa, mikono itulie mapajani. Akikubali kuguswa, mkune kifuani sekunde 3 kisha acha. Akisogea, anataka tena. Akigeuza uso, umeshajibiwa. Akilamba midomo na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, rudi nyuma. Wala usimkemee akinguruma. Mbwa aliyekatazwa kunguruma huuma bila taarifa.

Lakini pale uliposema kwa furaha kwamba sasa anakula mkononi mwako tu, mwingine hamtaki, mimi sikufurahi sana. Wewe si wa kumchukua. Hosteli yenu haitaki hata paka. Atakayefika hapo KSPCA kutafuta mbwa huenda akawa mzee wa kofia na fimbo, au mama mwenye watoto wasioishiwa kelele. Basi mpishe mwenzako aketi ulipokuwa umeketi, hasa mwanamume, maana mbwa waoga wengi huwahofia zaidi. Angusha kifuniko cha sufuria kwa mbali, huku anakula, kisha siku nyingine karibu kidogo. Mtoeni pamoja na mbwa aliyezoea watu, amtazame mwenzake anavyopokea mgeni. Wenyeji wa hapo wafuate wanavyokuelekeza. Kazi hii chama chao kimeianza 1910, babu yako hajazaliwa.

Na wanaomchukua waambieni ukweli, msimpambe. Wampe kona yake, jamaa wasimiminike kuja kumwona. Geti lifungwe. Nje atoke na kamba mbili, moja ya shingoni na moja ya mkanda wa kifuani, kwa sababu mbwa mwoga akichomoka haitiki jina, hata ukimwita kwa mnofu.

Nimekutumia M-Pesa ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ianze kabla ya Jumamosi, isigeuke viatu. Ukiumwa na mbwa au kukwaruzwa, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kunipigia simu baadaye.

Baba yako