Gemu ya anga ikigoma kwenye Mac, usikimbilie kusema mashine imekufa

Kijana mmoja alivuka kutoka Wete, Pemba, MacBook Pro yake ya 2012 kaikumbatia ndani ya begi la skuli. "Shikamoo fundi. Imekufa," akasema hata hajakaa. Nikaiwasha, ikawaka vizuri tu. Kilichokufa ni gemu yake ya kurusha roketi: kidude chake kwenye skrini, yaani ikoni, kimepigwa mstari, ukikibofya kinakataa.

"Mwanangu, jana ulifanya nini?"

Akainama. Alikuwa na bando la usiku, akaona asiliache liishe bure, akasasisha mfumo.

Basi ni hapo hapo. Catalina, mfumo wa Mac uliotoka 2019 na ndio aliouingiza, haupokei kabisa programu za biti 32, yaani zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani; mpya ni za biti 64. Gemu ya zamani iliyokuwa ikienda kwenye Mojave, mfumo uliotangulia Catalina, haifunguki tena, na hakuna betri wala diski mpya itakayoifufua. Ama upate toleo la biti 64, ama urudi Mojave, na kurudi maana yake ni kufuta diski yote. Tulinakili kwanza kazi zake za chuo, kisha tukarudi. Nauli ya boti ilimla zaidi kuliko mimi.

Ndiyo maana nawaambia wateja: uliza kabla hujalipia. Kerbal Space Program ya kwanza, gemu ya kujenga na kurusha roketi, inacheza kwenye Mac. Ya pili, iliyoanza kuuzwa 2023, ni ya Windows peke yake. Elite Dangerous, nayo ya anga, ilikuwamo kwenye Mac, wenyewe wakaiondoa 2018. No Man's Sky, ya anga vilevile, iliingia kwenye Mac 2023. Na mtu akikuahidi kukutilia Windows kwa Boot Camp, programu ya Apple ya kuweka Windows kwenye Mac, katika Mac yenye chipu ya Apple yenyewe, M1 au zilizofuata, fumba mkono na pesa yako ndani. Boot Camp ni ya Mac za zamani zenye chipu ya Intel.

Mashine zinazoumwa kweli zipo, na hapa kwetu ugonjwa wao mkubwa ni joto. Ile ya kijana wa Wete niliifungua mgongo. Skrubu kumi, tatu kati yake ndefu. (Zipange mezani kama zilivyokaa. Zamani nilizichanganya, nikaingiza ndefu penye fupi, nikajuta.) Baina ya feni na mapezi ya kupozea mlikuwa na vumbi limegandamana kama kipande cha mkeka, nikalitoa zima zima kwa kibanio. Feni ilikuwa inazunguka kwa bidii zote, upepo hautoki. Chipu ikipata moto hivyo hujipunguzia kasi yenyewe, na wewe unaona gemu inakwamakwama. Tulisafisha, tukapaka pesti mpya ya joto, ile inayopitisha moto wa chipu kwenda kwenye kipozeo, ikapoa. Wenye MacBook Air za M1, hizo hazina feni kabisa: iweke juu ya meza, si juu ya godoro, hasa kaskazi ikiwa imeshika.

Wengi huja kutaka niwaongezee RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ili roketi iende haraka. Ningeweza kuwauzia nikanyamaza. Lakini katika Kerbal, tazama saa ya safari iliyo juu kushoto. Ikiwa kijani, mambo ni sawa. Ikigeuka njano, mashine imeshindwa kuhesabu nguvu zinazokivuta na kukisukuma kila kipande cha chombo chako kwa wakati, na kazi hiyo ni ya prosesa, ile chipu kuu. Umejenga jahazi la vipande mia nne, unataka nini? Punguza vipande. RAM inasaidia pale mashine ina giga 4 na imejaa. Diski ya SSD inasaidia gemu ifunguke upesi. Roketi yenyewe haitapaa kwa kasi zaidi.

Na hili linanichekesha kila likizo. Mtu analeta Mac akilalamika kwamba kuhifadhi hakufanyi kazi. Kafika mwezini, kabonyeza F5, kateremka, kaanguka, karudi kuanza ardhini. Katika Kerbal F5 ndiyo inayohifadhi, na F9 ukiishikilia inakurudisha. Ila kwenye Mac nyingi za zamani F5 ikibonyezwa peke yake hupunguza taa za kibodi! Shikilia fn pamoja nayo, au ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzifanye F1, F2 na wenzake ziwe vitufe vya kawaida. Hilo sitozi kitu, hata ukinisimamisha barazani.

Kukagua ni bure. Kusafisha feni na kupaka pesti huwa tayari siku hiyo hiyo, ukileta asubuhi unachukua baada ya alasiri. Wa Pemba, pigeni picha ujumbe unaotokea kwenye skrini mnitumie kabla hamjakata tiketi. Na njooni na chaja zenu, yangu imeshakatika mara mbili.