Supplaya wa China akikuandikia "open" anamaanisha nini? Soma kabla hujatuma advansi

Wateja wetu mnaoagiza China, leo tuongelee neno moja tu, "open". Kila mtu anajua ni kufungua, na hapo ndipo hela inapopotelea, maana neno gumu la mkataba utauliza, hili huulizi kwa sababu unaona umeshaelewa.

Chukua meseji kama hii, za aina hii zinakuja sana kwenye chati za wateja: "For your bottle need open mould, 3500 USD". Mtu wa chupa za juisi akisoma anaona kiwanda kinamdai dola 3,500 kwa kufungua moldi, yaani kalibu ya chuma ya kufyatulia chupa, anajiuliza moldi si ipo hapo hapo kiwandani, kuifungua tu ndio hela yote hiyo? Anaanza kuvuta bei chini kama vile ni ada ya usumbufu, supplaya naye anashangaa huyu mteja vipi. Ukweli ni kwamba hapo hakuna kinachofunguliwa, wanamaanisha kutengeneza moldi mpya kabisa, kuchonga chuma kwa umbo la chupa yako, kazi ambayo mara nyingi inachukua wiki nne mpaka sita kabla hujaona hata sampo ya kwanza. Sasa kama hushikilii umbo lako mwenyewe, muulize kama ana "public mould", yaani moldi ambayo kiwanda tayari kinayo na kila mteja anaitumia, hapo unalipia chupa na lebo tu. Na kama umeamua kulipia ya kwako, pata kwa maandishi kwamba moldi ni mali yako na hawatamfyatulia mtu mwingine chupa ya umbo hilo, hili watu wanalisahau halafu mwakani wanakutana na chupa yao kwenye fremu ya jirani.

Chanzo cha yote ni neno la Kichina kai, linaandikwa 开. Zamani liliandikwa 開, lina mlango wa mbao mbili na chini yake mikono inayoondoa komeo, China bara waliporahisisha maandishi miaka ya 1950 mlango ukatolewa ikabaki hiyo ya chini. Kai ni kufungua, sawa, lakini kai pia ni kuwasha taa, kuendesha gari, maji kuchemka, ua kuchanua, kufanya kikao, daktari kuandika dawa, kampuni kutoa invoisi, meli kung'oa nanga. Mwanafunzi wa Kichina akianza Kiingereza anafundishwa kai ni "open", basi anaipeleka kote huko, ndio unasikia "open the light" au "open the car". Walimu wao wanahangaika nalo kweli kweli, taa ni turn on, gari ni drive, kikao ni hold, invoisi ni issue, yaani neno moja la nyumbani linamdai maneno manne matano ya kigeni. Na sisi tusiwaone hawajui, mbona sisi tunakata tiketi, tunakata risiti, tunakata kona, tunakata rufaa, tunakata kiu, na hakuna panga hata moja hapo.

La pili kwa kula hela ni "open ticket". Ukiona "this price no open ticket" usifikirie tiketi ya ndege, neno lao la tiketi ni hilo hilo la invoisi, kwa hiyo anakwambia bei hii ni bila invoisi ya kodi ya China, ambako VAT kwa bidhaa nyingi ni asilimia 13. Akiongeza "open ticket add 8 points", pointi ni asilimia, mzigo wa dola 10,000 unapanda mpaka 10,800. Muhimu hapa, invoisi ya biashara ya kuonyesha forodhani kwetu ni karatasi nyingine kabisa, kwa hiyo muulize anaongelea ipi kabla hujakubali kuongeza hiyo pointi.

Halafu kuna tarehe. Kipindi cha mwaka mpya wao, 2026 uliangukia Februari 17, viwanda vinafunga na wafanyakazi wanarudi makwao mikoani, supplaya anakuandikia "factory open work 25". Hiyo ni siku ya kuanza kazi, sio siku mzigo wako unaanza kutengenezwa, mafundi wengine bado wako njiani na oda za kabla ya sikukuu ziko mbele yako kwenye foleni, kwa hiyo usimwahidi mteja wako tarehe kwa kuhesabu kutoka hapo. Na ukiambiwa "ship open on 12" meli ndio inaondoka bandarini China tarehe 12, haijafika Dar na hakuna mtu anafungua kontena. (Kontena lenyewe wengine wanaliita "cabinet", kwa hiyo "one small cabinet" ni kontena la futi 20, sio kabati.)

Cha kufanya ni rahisi, ukiona "open" mwombe aandike sentensi hiyo hiyo kwa Kichina, wala hatakasirika, wengi wanafurahi maana na wao wanapata shida. Kisha uliza kwa vitu vinavyoshikika: nalipa nini, nalipa lini, napata nini mkononi. Swali la kukanusha kama "you don't open new mould?" liache kabisa, akijibu "yes" anaweza kuwa anasema ndiyo, hatutengenezi, kama sisi tunavyojibu.

Na kama bado hujiamini tuletee chati kabla ya kutuma advansi. Tuna watu wanaosoma Kichina, tunakusomea, tunakuandikia maswali ya kumrudishia supplaya, na voisi noti tunasikiliza pia. Ila tafadhali tuma skrinishoti kuanzia meseji ya kwanza mpaka ya mwisho, pamoja na picha za bidhaa mlizotumiana, maana "open" moja bila picha iliyokuwa juu yake hata sisi hatuwezi kukwambia ni moldi, ni invoisi au ni boksi tu linafunguliwa.