Picha yangu mliikata pabaya

Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha picha niliyowatumia ya mboga zangu za magunia hapa Kariobangi Kusini. Asanteni. Lakini mliikata, mkabakisha mashina mawili ya sukuma wiki na mtungi wa jirani. Kinyonga mkamtupa, na kinyonga ndiye aliyekuwa habari.

Picha ile ni ndefu makusudi. Ni picha nane nilizoziunga, zote zimepigwa nikiwa ndani ya mimea, ili anayeitazama ajione amekaa kati ya managu na terere kama mdudu. Simu inaweza kupiga picha pana yenyewe, ila ukiizungusha kwa mkono karibu na mimea, jani la mbele hutoka mawili. Simamisha kidole mbele ya pua, fumba jicho hili, kisha lile. Kidole kinaruka, ukuta wa nyuma umetulia. Lenzi nayo ikihama hata upana wa kidole, jani la karibu linaruka vivyo hivyo. Mlima haukusumbui hivyo, uko mbali.

Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa cha miraba, mistari isipokutana kwenye mshono, mteja ataona akiwa ng'ambo ya barabara. Basi nilifukia mkebe wa Kimbo kwenye udongo, nikaisimamisha simu juu ya kifuniko na kuiegemeza kwa kipande cha sabuni, lenzi ikiwa katikati kabisa hata kama simu yenyewe imechomoza upande. Nikawa nazungusha kifuniko kidogo kidogo, kila picha ikiingia thuluthi moja ndani ya mwenzake.

Jua la mchana hapa kwetu, karibu na ikweta, hutupiga utosini. Majani yakang'aa kama sufuria mpya na chini yake pakawa giza. Ilibidi ningoje asubuhi ya Julai yenye mawingu, saa moja, upepo haujaamka. Mara ya kwanza kinyonga alitembea nikiwa kwenye picha ya nne, akatoka na mikia miwili. Mara ya pili alitulia tuli, macho tu yakizunguka, kila moja kivyake.

Kurasa zenu mbili za katikati zingeitosha. Kama hakuna nafasi, ipunguzeni yote, hata iwe nyembamba kama utepe. Nimewatumia tena leo, pamoja na ile ya mikia miwili, mkitaka kucheka.

Mama fundi,
Kariobangi Kusini, Nairobi